Sura ya Tano: Mwizi Aliyefunga Kabati

Emérence Syauswa alipiga magoti mbele ya kabati la chuma la kituo cha afya, akaangalia tundu la ufunguo kwa mwanga wa simu. Hakuona mkwaruzo hata mmoja. Ufunguo wenyewe alikuwa ameuokota dakika kumi zilizopita, ndani ya chumba, sakafuni karibu na mlango. Mtu alikuwa amechukua alichochukua, akalifunga kabati, akatoka, akabana kufuli la mlango kwa nje, kisha akausukuma ufunguo wa kabati ndani kupitia chini ya mlango.

Inspekta Emérence alikuwa na miaka kumi na tisa katika polisi ya Butembo. Wezi wa kuvunja aliwajua. Mwizi wa kufunga alikuwa hajamwona bado.

Wiki nne zilikuwa zimepita tangu mji mdogo huo wa Mangina ukimbie. Siku ile risasi zililia upande wa mashamba, na kabla ya saa sita mchana njia ya Beni ilikuwa imejaa watu, magodoro na mbuzi. Walipoanza kurudi mmojammoja, kituo kilikuwa kizima, ila kabati lilipofunguliwa kwa ufunguo wa akiba, katoni moja haikuwamo. Ilikuwa na tyubu thelathini na sita za dawa ya kupaka ya ukurutu, ule ugonjwa wa ngozi ambao madaktari huuita eczéma. Dawa hiyo haikuwa ya kuuzwa. Ilikuwa ya utafiti wa Daktari Eliane wa Kimemi, mjini Butembo, na watoto kumi na wawili wa Mangina walikuwa wameingia katika utafiti huo. Nusu yao walipewa dawa mpya, nusu ile ya kawaida, na hakuna aliyejua nani ana ipi, hata daktari mwenyewe. Kila mtoto alikuwa na namba yake, na kila namba ilikuwa na tyubu zake tatu.

Ijumaa tume ya utafiti ingekaa. Kama tyubu hazingejulikana ziliko, kundi la Mangina lingefungwa, na watoto wote kumi na wawili wangetolewa.

Emérence alifungua daftari lake akaandika vilivyobaki kabatini: vidonge vya antibiotiki, vipimo vya malaria, mashine ya kupimia presha, taa ya sola. Vitu vya kuuzika haraka, na hakuna kilichoguswa. Alilinganisha na orodha ya kituo. Kilikosekana kitu kimoja zaidi ya katoni. Mzani mdogo wa meza.

Mzani, Mangina, maana yake ni dhahabu. Alivuka barabara hadi kwa Malachie, mnunuzi wa dhahabu aliyekuwa wa kwanza kurudi na kufungua mlango wake.

"Mama inspecteur, karibu. Unauzisha ao unakamata?"

"Naangalia. Leta balance yako."

Malachie aliuweka mzani wake juu ya meza bila kusita. Namba ya nyuma haikuwa ile ya kwenye orodha.

"Kuko mutu alikuletea ingine? Ya kituo?"

Malachie alicheka. "Ile naijua. Infirmier alinionyeshaka. Ile inaanzaka kuona kitu kama kimefika gramme moya. Sasa mukulima wa kwetu ananiletea vumbi ya dhahabu, iko chini ya gramme moya. Ile balance haitaiona hata kidogo. Mwenye kuiba ile kwa juu ya dhahabu ni mujinga."

"Ni ya kupima nini, basi?"

"Kitu ya kushika mu mukono. Savoni. Tube ya pommade ya kupaka."

Emérence aliandika maneno hayo kama yalivyotamkwa, akapiga mstari chini yake.

*

Muuguzi wa kituo, yule infirmier aitwaye Onésime, alikuwa amekaa siku ya pili katika chumba cha polisi cha Butembo. Kulikuwa na uvumi kwamba tyubu zimeonekana sokoni Beni, na hiyo ilitosha kumfungia. Alikuwa mwanaume mwembamba mwenye viatu visivyo na kamba, kwa sababu kamba walikuwa wamemnyang'anya mlangoni.

"Siku ya kukimbia, ufunguo wa kabati ulikuwa wapi?" Emérence aliuliza.

"Mu mufuko yangu. Nilishasema."

"Na kabati?"

"Nililifunga."

Emérence aliweka ufunguo juu ya meza. "Huu niliupata Mangina, chini ya mlango."

Onésime aliutazama, kisha akaitazama mikono yake.

"Kulikuwa mama mwenye uchungu wa kuzaa," alisema hatimaye. "Bote banakimbia, bwana yake hayuko. Nilimupandisha ku moto yangu, ile pikipiki. Ufunguo niliuacha mu kabati, mulango wazi. Nikasahau katoni ya batoto. Njo maana nilipata haya kusema. Batu banasema nilikimbia nikaacha dawa, na ni kweli."

"Yule mama?"

"Alizaa njiani, mbele ya kuingia Beni. Chini ya hema ya wauza makala ya kupikia. Mutoto mwanamuke. Bazima bote mbili."

Emérence aliandika hayo, akauliza tena. "Mzani wa kituo unatumikia nini?"

"Kila mercredi ya pili, ile Jumatano, mutoto analeta tube yake ya zamani. Napima. Naandika imebakia grammes ngapi. Hapo tunajua kama anapaka sawa vile banamuambia. Kisha namupatia mupya yenye numero yake."

"Nani anajua kazi hiyo?"

"Miye. Docteur Eliane. Na batoto benyewe. Banaijua kunishinda."

Kabla ya kutoka, Emérence aliomba kwa mlinzi mfuko wa vitu vilivyokamatwa. Simu ya Onésime ilikuwamo, imezimwa tangu juma la kwanza, siku alipokuja mwenyewe kutangaza upotevu na ikachukuliwa kwa uchunguzi. Hakuna aliyeichunguza. Aliichukua kwa karatasi na sahihi, akaitia umeme ofisini kwake, akaenda Kimemi.

*

Familia ya karibu zaidi katika orodha ya watoto ilikuwa ya Joyeuse. Tangu kuikimbia Mangina alikuwa akiishi kwa dada yake, nyuma ya maduka ya Kimemi. Emérence alimkuta akichambua maharage kwenye ungo. Binti yake Victoire, miaka saba, namba tisa katika utafiti, alikuwa akiruka kamba uani, amevaa gauni lisilo na mikono.

"Mama Victoire, mutoto anaendelea namna gani?"

"Tunashukuru Mungu."

Emérence alimtazama mtoto akiruka. Katika faili la daktari kulikuwa na picha za viwiko vya Victoire siku ya kwanza: vyekundu, vimepasuka, vina magamba. Viwiko vilivyokuwa vikizungusha kamba sasa vilikuwa laini, na katika mkunjo wake kulikuwa na mng'ao.

"Tube yake ya mwisho ilipaswa kuisha wiki nne zilizopita," Emérence alisema. "Anapaka nini?"

Joyeuse hakuinua macho. "Mafuta ya nyumbani."

"Ya aina gani?"

"Mama inspecteur, niliahidi mutu."

"Infirmier Onésime yuko mu cachot, amefungwa juu ya hizo tube."

Mikono ya Joyeuse ilisimama juu ya maharage. Victoire aliacha kuruka, akaja akasimama mbele ya mgeni.

"Koko Éphraïm njo analetaka," alisema. "Koko wa kanisa. Anafika na camion ya mizigo. Anachukua ya zamani, anaacha mupya, ya numero tisa. Anasema nisipake ya mwengine hata kama iko sawasawa."

"Victoire!"

"Mais ni kweli, mama."

Joyeuse alijifuta machozi kwa ncha ya kitenge. "Usimufanyie yule muzee mubaya. Huyu mutoto alikuwa anajikwaruza usiku paka damu inabakia mu shuka. Sasa analala. Kama walimuiba mutu, basi nami nifungwe nao, mais wasingya, aksanti, kwa ule mwenye kutukumbuka."

Emérence alirudi ofisini kwa miguu. Simu ya Onésime ilikuwa imepata umeme. Alipoiwasha ilianza kutetemeka mezani: jumbe za kampuni ya simu zikiarifu kwamba namba moja ilijaribu kupiga wakati simu imezimwa. Mara kumi na nne. Alizilinganisha tarehe na kalenda ya ukutani. Zote zilikuwa Jumatano.

Alipiga namba ile kwa simu yake mwenyewe. Ilipokelewa na sauti nzito ya mzee.

"Évangéliste Éphraïm, Beni. Nasikia."

*

Nyumba ya mzee Éphraïm ilikuwa ya mbao, nyuma ya kanisa dogo la Kiprotestanti. Alimpokea inspekta akiwa amevaa koti, akamwonyesha kiti kizuri, kisha akasema bila kuzunguka:

"Mutu unamutafuta ni mujukuu wangu. Na miye niko naye. Kama kuko kosa, andika majina mawili."

Séphora alitoka jikoni. Alikuwa na miaka kumi na mitano, mrefu kwa umri wake. Nyuma ya magoti yake ngozi ilikuwa na madoa meusi ya vidonda vilivyopona.

"Koko yako atakaa hapa karibu na wewe," Emérence alimwambia. "Swali usilotaka kujibu, acha. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Nani alichukua katoni ya kituo?"

"Njo miye."

"Namna gani?"

"Nilikuwa nimekuja kwa kupimisha tube. Risasi zikaanza. Infirmier akatoka na yule mama wa mimba. Niliona kabati iko wazi na ufunguo uko ndani. Nikafikiri, batu bakiingia hapa batabeba bintu vyote. Nikabeba katoni. Nikabeba na balance, juu bila balance huwezi kujua. Nikafunga."

"Ufunguo ukausukuma chini ya mlango."

"Haikuwa yangu."

Éphraïm alikohoa. Emérence aligeuza ukurasa wa daftari.

"Juu ya nini hukumwambia mtu?"

"Niliita infirmier kila mercredi. Simu yake haiitike. Namba ya docteur iko ku karatasi, na karatasi ilibakia Mangina. Kisha tukasikia polisi inatafuta mwizi. Koko alisema tuende kujisema. Miye nikaomba angoje kidogo, batoto bamalize ile ya pili." Aliinamisha kichwa. "Ile kosa ni yangu."

"Tyubu ziko wapi?"

Séphora aliingia chumbani, akarudi na chungu kikubwa kilichozungushiwa gunia lenye maji. Ndani, juu ya mawe makavu, tyubu zilikuwa zimepangwa kwa namba. Zilikuwa kumi na nne. Pembeni, ndani ya mfuko wa plastiki, kulikuwa na tyubu ishirini na mbili zilizotumika, na mzani. Juu ya vyote akaweka daftari la shule lenye mistari.

Emérence alilisoma kuanzia ukurasa wa kwanza. Tarehe. Namba ya mtoto. Uzito wa tyubu ya zamani. Nani aliipeleka mpya, nani aliipokea, na sahihi ya mzazi au alama ya kidole. Watoto kumi na mmoja, waliotawanyika Beni, Butembo na Oicha, tyubu mbili kila mmoja. Alijumlisha mara mbili kwa kalamu. Ishirini na mbili zimetolewa, kumi na nne zimebaki. Thelathini na sita.

"Nani alikufundisha kuandika hivi?"

"Niliona infirmier anavyofanyaka." Séphora alisugua kiganja kwa kidole gumba. "Siku ya kuingia mu étude, huu utafiti, papa alitia sahihi. Kisha docteur akageuka akaniuliza miye mwenyewe: na wewe unakubali? Unaweza kukatala, hapana mutu atakukasirikia. Hapana mutu mukubwa aliniulizaka vile. Nikatia sahihi yangu chini ya ya papa."

Akaendelea haraka, kama anayetaka kumaliza kabla hajazuiwa.

"Mbele nilikuwa nalala na soksi ku mikono kwa kutojikwaruza. Ku masomo nilikuwa peke yangu ku banc. Mangina batu banaogopaka ngozi tangu Ebola, banafikiri kila kitu inaambukiza. Sasa nalala. Sijue kama yangu ni ile mupya ao ile ya kawaida. Mais hizi tube zikipotea hapana mutu atajua, na batoto benye batakuja nyuma yetu batabakia na soksi."

Emérence aliweka kalamu chini. Akachukua simu, akampigia Daktari Eliane, akaiweka mezani wote wasikie.

Daktari aliuliza maswali kwa sauti kavu, moja baada ya jingine. Kuna mtoto aliyepewa namba isiyo yake? Hapana. Kuna tyubu iliyokaa juani? Hapana, ila siku ya kukimbia, masaa matatu. Kuna mtoto aliyevimba, aliyetoka malengelenge? Namba mbili alitoka vipele shingoni siku nne, vikaisha, imeandikwa ukurasa wa sita. Séphora alijibu bila kufungua daftari.

"Séphora," Eliane alisema, na sauti yake haikuwa kavu tena. "Aksanti. Aksanti sana, mwanangu."

"Docteur, nitafukuzwa mu étude? Nilishika tube za bengine."

"Nitaandika yote kama yalivyokuwa, mazuri na makosa. Comité, ile tume, njo itaamua, sitakudanganya. Mais nitabaambia batoto kumi na mumoja hawakukosa hata siku moja juu yako. Wakati mwengine tafuta mutu mukubwa mbele." Akarudia hesabu. "Kumi na mumoja. Wa kumi na mbili ni nani?"

"Timothée. Numero saba. Miaka munane. Tube zake tatu ziko hapa, hazijafunguliwa. Tulimuuliza ku kila mutu. Hapana mwenye alimuona tangu siku ya risasi." Séphora alimgeukia inspekta. "Mama, kazi yenu si ya kutafuta batu?"

*

Msaidizi wa mwendesha mashtaka, yule waitaye substitut, alisema kwa simu kwamba Onésime angeachiliwa mara kila tyubu na kila mtoto watakapojulikana waliko. Ilikuwa saa saba mchana. Emérence alienda parokiani, hapo hapo Beni, ambako waliohama walikuwa wameandikishwa, akaomba daftari.

Jina la Timothée halikuwamo. Watoto hawakuandikwa majina, idadi tu, chini ya jina la mkubwa wao. Kulikuwa na familia mia tatu na zaidi kutoka Mangina. Alirudi mwanzo, akasoma safari hii safu ya misaada: sabuni, sufuria, blanketi la sufu, sahihi. Ukurasa baada ya ukurasa, mambo yaleyale. Katika ukurasa wa kumi na moja aliweka kidole chini ya mstari mmoja.

*Masika Jokébed, mtoto mmoja. Amerudisha blanketi. Ameomba shuka.*

"Huyu alirudisha blanketi wakati wa baridi?" alimuuliza mwandishi wa parokia.

"Tulishangaa. Alisema mutoto wake hawezi kulalia sufu."

Katika faili la daktari, karatasi ya kwanza ya kila mzazi ilianza na maneno hayo: pamba tu, sufu hapana.

Walimkuta Jokébed kwenye chumba cha kupanga, upande wa pili wa uwanja wa ndege, Emérence akiwa na Séphora aliyebeba tyubu moja ndani ya kitambaa chenye maji. Mwanamke alisimama mlangoni, akaona sare, akamficha mtoto nyuma yake.

"Tulifanya nini?"

"Hapana kitu, mama. Huyu ni Timothée?"

Mtoto alichungulia. Shingo yake ilikuwa nyekundu, na mikono ilikuwa imefungwa vitambaa hadi kwenye vidole.

"Njo yeye," Jokébed alisema. "Bwana yangu hakurudi toka shamba siku ile. Simu njo alikuwa nayo. Nilijua bote balitusahau."

"Huyu hakuwasahau," Emérence alisema, akampisha Séphora.

Jokébed alimtazama msichana, akaitazama namba saba juu ya tyubu, akakaa chini kizingitini. Alilia bila sauti, ameshika mkono wa Séphora kwa mikono yake miwili. "Wasingya," alikuwa akisema. "Wasingya kutsibu. Mungu akuongezee siku."

Daktari alikuwa kwenye simu tena, anasikiliza. Alimuuliza Jokébed kama bado anakubali baada ya wiki hizi zote. Kisha akamuuliza Timothée mwenyewe. Mtoto alisema ndiyo, lakini Séphora ndiye ampake, si mwingine. Eliane alicheka, akasema mama amuoshe kwanza kwa maji ya vuguvugu, na kesho angefika Beni yeye mwenyewe kumpima. Aliongeza kwamba amezungumza na mkuu wa tume. Wangetaka kuliona daftari lenyewe Ijumaa. Mpaka hapo kundi la Mangina halifungwi.

Emérence alitoka nje, akatembea hatua chache kando ya ukuta, akapiga simu Butembo.

"Chef," alisema mlinzi wa zamu, "mwizi umemupata?"

"Hapakuwa mwizi. Substitut anakutumia karatasi sasa hivi. Mumurudishie Onésime simu yake na kamba za viatu."

"Tumuambie nini?"

Kupitia mlango uliokuwa wazi alimwona Jokébed akimimina maji kwenye beseni, na Séphora akimfungua Timothée kitambaa kimoja baada ya kingine, polepole, akimwonya asijikune.

"Mumuambie apande moto aje Beni," Emérence alisema. "Batoto yake kumi na mbili banamungoja."